Mhadhara wa Hadhara na Warsha Katika Chuo Kikuu

Chuo kikuu huwa na wasikilizaji wa aina mbili. Wa kwanza ni wanafunzi wake, ambao huja kwa kuwa hawana budi kuja; mtihani uko mbele yao. Wa pili ni watu wa nje: mwalimu wa shule ya jirani, malenga, mfanyabiashara mpenda vitabu, mzee ajuaye nasaba za mji wake. Hao hawadaiwi kitu na chuo, na wakiondoka katikati ya maneno hakuna wa kuwauliza. Makala haya yanahusu wasikilizaji hao wa pili, na mikutano miwili ambayo kwayo chuo hukutana nao katika taaluma za lugha, fasihi, historia na falsafa, yaani mhadhara wa hadhara na warsha. Tunakusudia kueleza jinsi mikutano hiyo inavyohitilafiana, na mambo yanayoamua iwapo wageni wamepokewa kweli au wameitwa kujaza viti.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Mhadhara, mhadhiri, hadhira, hadhara, hudhuria, mahudhurio: yote haya yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuwapo mahali. Mhadhara basi, kwa asili yake, hauwezi kufikiriwa bila ya watu waliokuwapo. Kusema "mhadhara wa hadhara" ni karibu na kulirudia neno moja mara mbili. Hata hivyo twalazimika kulirudia, kwa kuwa mhadhara umekwisha kufungiwa darasani ukawa kipindi katika ratiba, na ikabidi hadhara irudishwe kwa neno la ziada. Hotuba ni jambo jingine. Hotuba ina mimbari au jukwaa, na aghalabu haijibiwi. Msemaji akimaliza hupigiwa makofi au huitikiwa "amina", na watu hutawanyika. Mhadhara usiojibiwa ni hotuba hata ukisomwa na profesa.

Warsha nayo imetujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya kawaida ni mahali pa kazi za mikono, pale ambapo sisi husema karakana. Mtu aingiaye karakana ya seremala hutarajia kumkuta fundi ameshika randa, mbao zimelala sakafuni, na jioni pawe na mlango au kiti kilichokuwa hakipo asubuhi. Kipimo hicho kikitumiwa, nyingi katika zile tuziitazo warsha hazistahili jina hilo. Ni mihadhara mirefu iliyokatwa vipande kwa chai. Warsha lazima iwe na kitu kinachotengenezwa: orodha ya istilahi, tafsiri, mswada uliosahihishwa, tenzi zilizonakiliwa kutoka hati za Kiarabu. Na lazima kila aliyeingia awe na kifaa mkononi. Semina na kongamano hatutazieleza hapa. Hizo ni mikutano ya wenyeji wa taaluma, na zimekwisha andikwa mengi.

Si kweli kwamba mambo haya yaliletwa na vyuo vikuu. Katika miji ya pwani, baraza ya mawe iliyojengwa mbele ya nyumba ilikuwa mahali pa kukaa na pia mahali pa kupima hoja, hata neno hilo hilo likaja kutumiwa kwa mkutano wa serikali. Darsa za msikitini zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kukaa. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, zilitungwa zisikiwe na watu na zijibiwe. Kujibizana kwake na watunzi wa Lamu kulikuwa mjadala wa siasa uliovaa vina na mizani. Hadhira ile haikuwa na kiingilio wala kadi ya mwaliko, lakini ilijua kanuni za utungo, na mtunzi aliyekosea mizani alijulikana papo hapo. Huo ndio msikilizaji ambaye chuo kinapaswa kumtamani: mgeni ajuaye kitu.

Historia ya tungo hizo yatufunza jambo la pili. Baada ya Muyaka kufa zilibaki vinywani mwa watu. Zilikusanywa Mombasa kwa jitihada ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyekuwa akimsaidia mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, karatasi za Taylor sasa zimo katika maktaba ya SOAS, London. Diwani yenyewe ilihaririwa na William Hichens na kupigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Ndipo mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipotoa mjini Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka, pamoja na maelezo ya hali ya Mombasa ya zama zile. Kwa hiyo neno lililosemwa barazani lilipita London na Johannesburg kabla ya kurejea kwa wajukuu wa waliolisikia kwanza, na safari hiyo ilichukua muda wa zaidi ya karne moja. Kila chuo kinachomwalika mzee aje kusimulia, kikawasha kinasa sauti, kinaanzisha safari ya namna hiyo. Swali ni moja tu: nakala itabaki wapi?

Sasa tutazame mkutano uliofanyika ndani ya chuo kikuu. Mnamo Juni 1962, Chuo cha Makerere kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele. Alikuwapo pia kijana wa Makerere aliyeitwa wakati huo James Ngugi, ambaye kazi yake iliyokwisha chapishwa ilikuwa hadithi fupi chache. Shaaban Robert hakuwa na sifa ya kualikwa, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Naye alifariki mwezi huo huo. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alilitaja jambo hilo katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na ukombozi wa fikra. Kwa kauli yetu, ubaya haukuwa katika nia ya waandalizi. Ulikuwa katika maneno ya kichwa cha mkutano, "kwa lugha ya Kiingereza", ambayo yalifanya kazi ya bawabu bila ya mtu yeyote kusimamishwa mlangoni. Mwaka uliofuata Obi Wali aliandika katika jarida la Transition, lililotolewa Kampala, kwamba fasihi ya Afrika iliyoandikwa kwa lugha za Ulaya inaelekea mahali pasipo na njia. Mabishano aliyoyawasha hayajazimika.

Jambo hili latuhusu sisi wa idara za lugha za Kiafrika kuliko wengine, kwa sababu twalifanya kila siku na hatulioni. Ni kawaida kusikia mhadhara juu ya ushairi wa Kiswahili unaotolewa kwa Kiingereza mbele ya watu ambao karibu wote wanajua Kiswahili, na malenga aliyealikwa kwa heshima ameketi safu ya mbele akisubiri beti zisomwe ili apate kitu cha kushika. Husemwa kwamba istilahi hazipo. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Tangu Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya TUKI ilipotoka mwaka 1990, imekuwa vigumu kuitetea kwa upande wa isimu, na kwa upande wa ushairi haikuwa na nguvu hata kabla ya hapo: mshororo, kipande, kina, mizani, bahari na arudhi si maneno yaliyobuniwa na kamati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Mhadhiri asitafute ruhusa nyingine.

Zipo nyakati ambapo chuo kiliamua kutoka badala ya kungoja wageni. Makerere ilianzisha mwaka 1965 kikundi cha michezo ya kuigiza kilichosafiri na kuonyesha bila ya kiingilio, na Nairobi ikafanya hivyo mwaka 1974. Katikati yake, tarehe 24 Oktoba 1968, Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, na mahali pake pawe na idara ya fasihi na lugha za Kiafrika ambamo fasihi simulizi ingekuwa katika kiini cha masomo. Pendekezo hilo hukumbukwa kama vita vya mitalaa. Lakini lilikuwa na matokeo mengine: fasihi simulizi ikishaingia darasani, chuo hakina tena uwezo wa kujitosheleza, kwa kuwa vitabu vyake viko vijijini, navyo vina miguu na vina hiari ya kukataa.

Mfano wa warsha kwa maana yake kamili ni Kamiriithu, karibu na Limuru. Kituo cha elimu ya watu wazima kilikuwako pale. Kuanzia 1976 wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiwamo Ngugi wa Thiong'o, Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau, walifanya kazi pamoja na wakulima na vibarua wa kijiji. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulisomwa kwa Kikuyu mbele ya watu, nao watu wakausahihisha. Mzee asemavyo si kijana asemavyo, na wanakijiji waliwaonyesha watunzi pale walipomtia mzee maneno ya kijana. Hapo profesa alikuwa mwanagenzi. Wenyeji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketi watu zaidi ya 2,000. Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Kibali chake kikafutwa tarehe 16 Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngugi akawekwa kizuizini kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Mwaka 1982 ukumbi ulibomolewa na polisi. Twalitaja jambo hili kwa kirefu si kwa ajili ya siasa yake peke yake. Mihadhara mingi ya Kiingereza yenye hoja kali kuliko mchezo ule ilitolewa katika kumbi za chuo miaka ile ile bila ya kusumbuliwa. Kilichotisha ni lugha na hadhira.

Warsha za istilahi zina tabia yake. Wataalamu hukaa, hubuni, hukubaliana, na orodha hupigwa chapa. Kisha neno huenda sokoni, na huko hakuna mwenyekiti. Sheikh Ahmad Nabhany (1927–2017), malenga na mjuzi wa Kiswahili cha kale aliyefunza wasomi wengi ingawa hakuwa mtu wa shahada, alibuni neno runinga kwa kuunganisha rununu, yaani habari zivumazo, na maninga, ambayo ni macho katika lugha ya zamani. Neno hilo lilishika Kenya kwa kuwa watangazaji walilitamka kila siku. Tanzania wengine husema luninga, na wengi zaidi televisheni. Tarakilishi limeingia vitabuni mwa shule, lakini mwanafunzi yule yule akitoka darasani husema kompyuta. Tunalojifunza ni kwamba katika warsha ya istilahi mtangazaji, fundi na mwalimu wa msingi wanahitajiwa kuliko mwanaisimu wa nne au wa tano. Nabhany huyu huyu, katika utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo uliotolewa Leiden mwaka 1979, alihifadhi maneno ya chombo cha baharini na ujenzi wake. Maneno hayo hayakubuniwa. Yaliulizwa kwa waliokuwa wakiyatumia. Idara zetu zimependa kubuni kuliko kuuliza.

Yamebaki mambo madogo ya utaratibu, ambayo kwa kweli si madogo. Saa ya mhadhara wa hadhara isiwekwe mchana wa siku ya kazi, wakati ambao mgeni yuko dukani au shuleni kwake. Maswali yapewe muda usiopungua nusu ya ule wa msemaji, na mwenyekiti aanze na watu wa nje, maana wahadhiri wakitangulia huulizana wenyewe kwa wenyewe hadi taa zizimwe. Mzee au malenga anayeitwa kuja kufundisha alipwe kama mhadhiri mgeni anavyolipwa. Nauli na soda si malipo ya elimu. Nazo kanda zinazonaswa ziandikwe jina la msemaji, siku, mahali na masharti aliyoyatoa, kisha nakala mbili zitolewe kabla ya mwezi kwisha: moja iende maktaba ya chuo, ya pili apewe msemaji mwenyewe. Maktaba ya Dar es Salaam ilifanya kazi ya namna hii mapema, na orodha ya hati na kanda zake iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Watoto wa waliosoma beti zile mbele ya kinasa sauti wanaweza hata sasa kwenda wakaliulizia jina la baba yao, likatafutwa katika orodha.