Usimamizi na Uangalizi wa Taarifa za Majeraha ya Michezo

Katika hati zihusuzo majeraha ya wanamichezo, neno "usimamizi" hubebeshwa mizigo miwili. Hutumika kwa kazi ya kukusanya, kuhifadhi na kutoa taarifa. Tena hutumika kwa kamati inayowachunga wafanyao kazi hiyo. Ndipo tunapokutana na "kamati ya kusimamia usimamizi", na msomaji asijue nani anamchunga nani.

Tuchukue mfano wa Marekani. NCAA, chama kinachoongoza michezo ya vyuo, kilianza kukusanya taarifa hizo mwaka 1982; mwaka 2009 kazi ya kuziendesha ikakabidhiwa Datalys Center ya Indianapolis. Mwenye mali na mtunzaji, basi, ni wawili. Anayeamua kama mtafiti apewe habari za goti la mchezaji yafaa awe wa tatu, asiyefaidika na jibu lolote.

Napendekeza "usimamizi" libaki kwa watendaji, na chombo kinachowachunga kiitwe "kamati ya uangalizi". "Ukaguzi" halitoshi: mkaguzi aghalabu huja kazi imekwisha, ilhali mwangalizi huwapo tangu mwanzo.

"Takwimu" nalo liachiwe hesabu za jumla. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 inalinda "taarifa binafsi". Mfasiri akiandika "takwimu" mahali pake, mchezaji hutoweka ndani ya tarakimu, na kinga yake pamoja naye. Ama "majeruhi", ambalo kurasa za michezo huliandika kwa maana ya jeraha, ni mtu aliyeumia.