Baba na Mama, Mpimwe Tansio

Tansio ya damu mara nyingi haina maumivu. Mtu huvua samaki ziwani kwa nguvu, kisha siku moja huanguka, amepooza upande mmoja.

Mama mwenye mimba hupimwa kliniki. Akikoma kuzaa haendi tena. Baba naye husema, "Mimi mzima." Akipewa dawa, akijisikia vizuri huiacha. Baba, usiiache bila kuuliza mganga. Acha tumbako na lutuku. Mama, chungu ni chako: loweka samaki wa chumvi, mwaga maji yale. Chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isipite kijiko kimoja cha chai. Kipimo kikifika 140/90 siku mbili mbalimbali, ndiyo tansio. Njoni wawili.