Bustani Mlangoni

Tuanze na swali. Jana jioni watoto wako walikula ugali na nini?

Usijibu haraka. Mkoa wetu wa Iringa una chakula kingi. Mahindi yetu hulisha watu wa mikoa mingine. Lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha jambo la kusikitisha. Mkoani Iringa, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa nchi nzima, ni kama watoto 3 katika kila watoto 10. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake, na hata shuleni hupata shida kujifunza.

Sababu ni nyingi. Kuhara ni sababu. Kazi nyingi za mama ni sababu. Lakini sababu nyingine iko sahanini. Ugali ni mwingi, mboga ni kidogo. Mtoto ameshiba, lakini mwili wake bado una njaa.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1972 tamko la Siasa ni Kilimo lilitolewa hapa hapa Iringa. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana. Waulize wazee, watakueleza.

Tena Wahehe wana ujuzi wao wa siku nyingi. Ujuzi huo ni vinyungu. Kinyungu ni bustani ya bondeni. Mvua zikiisha, watu hushuka bondeni, hupanda matuta, hulima maharage, mahindi mabichi na mboga. Udongo wa bonde una maji, kwa hiyo kiangazi hakiwasumbui.

Lakini sasa bondeni pana sheria. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Maji ya vijito vyetu huingia Ruaha Mdogo. Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu, na maji hayo hufika bwawa la Mtera, yakazalisha umeme. Si rahisi kumwambia mtu aache kinyungu cha babu yake. Tunalijua hilo. Ila ujuzi wa kinyungu unaweza kupandishwa kutoka bondeni mpaka mlangoni pako.

Tazama Kihesa. Zamani palikuwa kijijini, leo ni sehemu ya mji wa Iringa. Viwanja ni vidogo. Hata hivyo, mahali penye hatua 10 kwa hatua 5 panatosha mboga za nyumba moja. Wewe wa kijijini una nafasi zaidi ya hiyo. Unangoja nini?

Kazi huanza kabla ya mvua, mwezi wa Septemba au Oktoba. Kwanza tengeneza mboji. Weka vijiti chini ili hewa ipite. Juu yake weka majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo na majivu kidogo. Nyunyiza maji. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kiunoni. Funika kwa nyasi. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe, uishike. Ikiwa ya moto, mboji inaiva. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Geuza lundo kila baada ya wiki 3. Kwa kawaida, baada ya miezi 3 hivi mboji huwa nyeusi na hunukia udongo wa msituni.

Usiwe na haraka kama mimi. Mwaka mmoja nilichukua samadi mbichi kutoka zizini nikaitia moja kwa moja kwenye miche ya kabichi. Wiki ya pili miche yote ilikuwa imeungua. Jirani alicheka, kisha akanigawia miche yake. Kwa mwaka wa kwanza, kama mboji yako haijaiva, tumia samadi ya zamani iliyokauka na kuoza.

Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba. Matuta yakatize mteremko, yasifuate mteremko. Yakifuata mteremko, mvua itachukua mboji yako yote impelekee mtu wa chini. Changanya mimea. Panda mchicha, mnavu, maharage, vitunguu na maboga. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4. Usiung'oe. Kata juu, uache shina lichipue tena. Msusa nao chuma vichwa vichanga, lakini acha vingine viendelee kutambaa, maana maboga utayataka pia.

Januari na Februari ndiyo miezi ya taabu. Magugu hukua usiku na mchana. Nyanya hushikwa na ukungu, majani yakawa na mabaka meusi. Panda nyanya mbalimbali ili upepo upite. Zifunge kwenye miti. Kata majani yanayogusa udongo, na mche ulioharibika sana uung'oe uufukie mbali. Vidukari wakionekana, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Wengine hutwanga majani ya utupa. Utupa huua wadudu kweli, lakini ni sumu, huua na samaki. Usioshe kifaa chake kijitoni, na mtoto asikiguse.

Miezi hiyo hiyo ndiyo miezi ya ulanzi. Mianzi inatoa, vilabu vinajaa, na bustani nyingi hufa wakati huo. Baba, pita bustanini kwanza.

Mvua zikikatika, mwezi wa Mei, usiiache ardhi uchi. Tandaza nyasi kavu au mabua kati ya mistari, unene wa kiganja. Matandazo huzuia jua kunywa maji ya udongo, na yakioza huwa mbolea. Mwagilia asubuhi. Maji uliyooshea mboga au mchele usiyamwage njiani, yapeleke kwenye matuta. Juni na Julai baridi ni kali, mboga hukua polepole, lakini hukua.

Mboga usiichemshe mpaka ipoteze rangi. Tia mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa. Mtoto aliyefikisha miezi 6 apondewe, achanganyiwe na uji wake au ugali laini.

Sasa mbegu. Mche mzuri kuliko yote usiule. Ufunge kitambaa chekundu ili watoto wasiuchume. Uache ukomae na kukauka, kisha pukuchua mbegu, anika kivulini, changanya na majivu, utie katika kibuyu kikavu. Kitundike jikoni, mahali moshi unapopita. Usikifungue mpaka utakaposikia ngurumo za Novemba.