Billy Meredith, Winga wa Wales Aliyedai Ujira Wake

Leo tutamzungumza mcheza mpira, lakini msidhani kwamba somo letu ni la michezo mitupu. Ni somo la kazi na mshahara vilevile. Viongozi wa vikundi, chukueni chaki. Kuna hesabu moja ya kufanya.

William Meredith, ambaye watu wote walimwita Billy, alizaliwa tarehe 30 Julai 1874 karibu na Chirk, kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Kijiji hicho kipo kaskazini mwa Wales, nchi ndogo iliyo ubavuni mwa Uingereza, yenye lugha yake na timu yake ya taifa. Alipotimiza miaka 12 aliingia mgodini, akawa mwongoza farasi wale wafupi waliovuta magari ya makaa chini ya ardhi. Mpira ulikuwa wa siku ya mapumziko. Bahati yake ni kwamba pale Chirk palikuwa na mwalimu wa shule, T. E. Thomas, aliyewafundisha vijana mpira kwa bidii, na wengi wao wakaichezea Wales.

Mwaka 1894 Manchester City walimchukua. Hapo kwanza hakuacha mgodi. Siku za kazi alikuwa chini ya ardhi, na siku ya mchezo alipanda gari moshi kwenda kucheza. Mwezi wa Novemba mwaka huo City walikutana na majirani zao Newton Heath, wakafungwa 5 kwa 2. Mabao yote mawili ya City aliyatia Meredith. Hao Newton Heath ndio waliojiita Manchester United tangu mwaka 1902.

Sasa, winga ni nani? Chora uwanja ubaoni. Katika timu za siku zile walisimama mabeki wawili, mbele yao watatu, kisha mstari wa washambuliaji watano. Wawili wa mwisho katika mstari huo, mmoja kulia na mmoja kushoto, ndio mawinga. Meredith alikuwa wa kulia. Kazi yake ilikuwa kungoja karibu kabisa na chokaa ya pembeni, kupokea mpira, kumpita beki, kukimbia nao mpaka karibu na kibendera cha kona, kisha kuupiga katikati, mbele ya goli, wenzake waumalizie. Ukitazama kwa haraka utadhani ni jambo jepesi. Lakini chokaa ile ni ukuta: winga hana njia ya upande mmoja, na beki analijua hilo. Basi humbidi amdanganye beki kwa mwili, aelekee huku na kupita kule. Meredith alikuwa na miguu myembamba iliyopinda kidogo, na alizoea kutafuna kijiti cha kuchokolea meno muda wote wa mchezo, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Beki akishtuka, mpira umekwisha kufika golini. Tena hakuwa mpigaji wa krosi tu. Alifunga mabao mengi kuliko walivyozoea mawinga.

Tarehe 23 Aprili 1904, katika fainali ya Kombe la F.A. uwanjani Crystal Palace, London, City waliwafunga Bolton Wanderers 1 kwa 0. Kepteni alikuwa Meredith, na bao ni lake. Watazamaji walizidi 61,000, na kila mmoja alilipa kiingilio.

Haya, hesabu yetu. Tangu mwaka 1901 sheria ya mpira ya Uingereza ilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa juma. Zidisha mara majuma 52: pauni 208 kwa mwaka. Hata ungejaza uwanja namna gani, hutapata senti zaidi. Kwa mchimba makaa zilikuwa fedha nzuri, sikatai. Lakini mchimba makaa hakuwekewa sheria ya kumzuia kwenda kwa tajiri mwingine. Mchezaji, hata mkataba wake ukiisha, hakuweza kuhama bila ruhusa ya klabu.

Sheria ya namna hiyo huzaa siri. Mwaka 1905 Meredith alishtakiwa kwamba alitaka kumpa Alec Leake, kepteni wa Aston Villa, pauni 10 ili City washinde mchezo wa mwisho wa ligi. City walifungwa 3 kwa 2. Chama cha Mpira kilimfungia. Kwanza alikana, baadaye, klabu ilipokataa kumsaidia, alisema kwamba meneja Tom Maley ndiye aliyemtuma. Mimi simtakasi, kwa maana rushwa ni rushwa, awe ametumwa au hakutumwa. Lakini maneno yake yalifungua vitabu vya klabu. Ilionekana kwamba City waliwalipa wachezaji kupita kiwango, na mwaka 1906 wachezaji 17 wakafungiwa mpaka mwisho wa mwaka, wasirudi tena City. Meredith akahamia Manchester United. Tarehe 1 Januari 1907 alicheza huko mara ya kwanza, dhidi ya Aston Villa walewale, na krosi yake ndiyo iliyozaa bao pekee.

Akiwa United alitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1908 na 1911, na Kombe mwaka 1909. Lakini kwa wasikilizaji wetu, tarehe kubwa ni 2 Desemba 1907. Siku hiyo, katika Hoteli ya Imperial mjini Manchester, wachezaji walikutana Meredith akiwa mwenyekiti, wakaanzisha chama chao cha wafanyakazi. Walitaka kiwango cha mshahara kiondolewe, na mchezaji awe huru kuhama.

Mwaka 1909 Chama cha Mpira kiliamuru wachezaji wajitoe katika chama hicho, la sivyo wasicheze. Wengi waliogopa wakajitoa, na mtu mwenye watoto hatuwezi kumlaumu. Wachezaji wa United walikataa. Walifanya mazoezi peke yao, wakapiga picha wakiwa na kibao kinachosema kwamba wao ndio waliofukuzwa. Ligi ilipokaribia kuanza, wakubwa walilegea, wakakitambua chama. Kiwango cha mshahara, hata hivyo, hakikuondolewa mpaka mwaka 1961.

Kwa Wales alicheza mara 48, tangu 1895 hadi 1920, ingawa mara nyingi klabu zilikataa kumpa ruhusa. Mchezo wake wa mwisho Wales waliwafunga Uingereza 2 kwa 1 kwao London, yeye akiwa na miaka 45. Mwaka 1921 alirudi City, na mwaka 1924 alicheza nusu fainali ya Kombe dhidi ya Newcastle akiwa na miaka 49.

Alifariki mwezi wa Aprili 1958, Manchester. Kaburi lake halikuwa na jiwe la jina mpaka mwaka 2001, na miongoni mwa waliolilipia ni kile chama cha wachezaji.

Kwa majadiliano ya kikundi: ikiwa kazi yenu ina kiwango cha mwisho cha mshahara, nani anafaidika na kinachozidi? Na je, mngejitoa chamani mwaka 1909?