Fahamu: Msitu unaostawi juu ya mchanga mtupu

Oktoba 2023 maji ya mto Rio Negro mjini Manaus, Brazil, yalishuka kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze kuwekwa. Mwaka uliofuata yakashuka zaidi. Ukame wa namna hiyo ni tishio pia kwa misitu ya mchanga mweupe ya bonde la mto huo, iitwayo campinarana.

Mchanga huo karibu wote ni kwatzi, haushiki rutuba. Mvua huzama upesi, na palipo na tabaka gumu chini maji hujaa hadi kufunika mizizi. Kiangazi mchanga hukauka. Maji hutiririka chini kwa chini hadi vijitoni yakibeba asidi za majani yaliyooza, ndiyo maana mto una rangi ya chai ya rangi.

Miti basi inakula nini? Majani yake yenyewe. Mizizi myembamba, ikisaidiwa na kuvu, hutanda juu ya ardhi na kunyonya virutubisho kabla havijasombwa. Mwaka 1978 watafiti Nellie Stark na Carl Jordan walieleza kwamba utando wa mizizi msituni Amazon ulinasa asilimia 99.9 ya kalsiamu na fosforasi walizounyunyizia. Ni ustadi wa kustaajabisha, na ndio unaonitia hofu: ukame ukiukausha utando huo na moto ukauteketeza, kinachobaki ni mchanga.