Upendo wa kwanza na maneno ya watu: vijana wetu wa sekondari huko Tenke

Makutaniko ya upande wa mashariki yanaijua Lualaba kwa habari za shaba na kobalti. Tenke yenyewe wengi wanaijua kwa sababu ya reli: ndipo njia inayotoka Lubumbashi inapogawanyika, moja ikipanda Kamina, nyingine ikienda Kolwezi na Dilolo mpaka Angola. Tangu mwaka 1931 reli hiyo imefika bahari, kule Lobito. Njia panda hupitisha watu wengi, na wapitao huleta makuta, habari na maneno. Watoto wetu wanasoma humaniti katikati ya hayo yote. Leo tunataka kueleza jambo ambalo nyumbani husemwa kwa ukali au halisemwi kabisa: kijana anapopenda kwa mara ya kwanza, na watu wanapoanza kumsema.

Kupenda si ugonjwa, wala si pepo. Mtoto wa miaka 15 au 16 mwili wake unabadilika, na moyo wake unamwona mwenzake kwa macho mapya. Mungu ndiye aliyetuumba hivyo. Wapo wazazi wanaomchukua binti huyo moja kwa moja kwenye maombi ya kufunguliwa kwa sababu wamekuta barua katika daftari lake. Anachojifunza hapo ni kutoficha vibaya tena. Lakini pia si jambo la kuchekea. Sehemu ya akili inayopima matokeo hukomaa polepole, hata kupita miaka 20, na hisia zinatangulia mbali. Basi kijana anahisi kama mtu mzima, na bado anaamua kama mtoto. Anahitaji mtu wa kumsaidia kupima, na mtu huyo hawezi kuwa yule anayemwogopa.

Sasa maneno. Tuchukue mfano wa binti wa mwaka wa tatu, tusimtaje jina kwa kuwa hayuko mmoja. Ametoka shule na mvulana wa darasa lake, wote katika sare yao ya buluu na nyeupe, wamesimama karibu na reli wakizungumza juu ya zoezi la hesabu, na kidogo juu ya mengine. Mama mmoja anayeuza mandazi amewaona. Jioni habari ni kwamba walikuwa pamoja. Kesho yake, kwenye bomba la maji, ni kwamba wanatembea pamoja. Siku ya tatu katika kikundi cha WhatsApp cha darasa mtu ameuliza kama ni kweli ana mimba. Ukimkamata kila mmoja wa wasemaji hao, atakuambia hakusema uongo, aliuliza tu. Redio trotwari inafanya kazi namna hiyo: kila mtu anaongeza neno dogo, na hakuna anayejiona mwenye kosa. Mezali 26:20 inazungumza juu ya masengenyo kwa mfano wa moto na kuni. Msomaji afungue mwenyewe, kisha ajiulize kama kurudisha ujumbe kwa mwingine na kuandika chini yake "tumwombee" si kuni pia.

Mzigo hauanguki sawa. Mvulana akisemwa, wenzake wanampiga bega na kumcheka kwa sifa. Binti akisemwa, anaanza kuchelewa shuleni ili asipite mbele ya watu, kisha anakosa siku moja, kisha juma. Baba anasikia na kusema hatalipa tena pesa za shule kwa mtoto anayemharibia jina. Kwa sekondari hilo si tishio la bure: masomo bila malipo yaliyoanza Septemba 2019 yanahusu shule za msingi, na sekondari mzazi bado anatoa makuta. Hivyo neno lililozaliwa karibu na reli linaweza kumnyima binti diploma ya Serikali. Na kanisani je? Kuna mahali binti anaondolewa kwenye kwaya kwa uvumi, wakati mvulana yuleyule anaendelea kupiga gita mbele ya kutaniko. Tuseme bila kuzunguka: hiyo si nidhamu ya Injili.

Tumtazame Yosefu katika Matayo sura ya 1. Alikuwa na jambo zito kuliko uvumi, maana mchumba wake alikuwa na mimba kweli, na yeye alijua si yake. Kabla malaika hajamjia, alikwisha kuamua kutomwaibisha Maria mbele ya watu. Mstari wa 19 unamwita mwenye haki kwa habari hiyohiyo. Kama mtu asiyejua bado kazi ya Mungu aliweza kufunga kinywa, sisi wa bomba la maji tunaweza.

Jambo la tatu ni kujiamini, na hapa Tenke ina ugumu wake. Tangu mgodi wa Tenke Fungurume uanze kutoa shaba mwaka 2009, wanaume wengi wamekuja kutafuta kazi, na mwenye mshahara au mwenye pikipiki anaonekana mkubwa. Mvulana wa humaniti anayekula bukari mara moja kwa siku anajiona si kitu mbele yao. Wengine wanaacha daftari na kwenda kuchimba, si kwa njaa peke yake, bali ili waonekane. Binti naye anaambiwa kwamba thamani yake ni simu aliyonunuliwa. Wazazi wasiite hilo upendo wa kwanza. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na mtu mzima anayelala naye anafanya kosa la jinai, hata kama alileta zawadi, hata kama familia imekubali mahari. Kanuni ya Familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, haimruhusu mtu yeyote kuoa wala kuolewa kabla ya miaka 18. Mchungaji akiombwa kubariki "ili aibu ifunikwe", akatae.

Kwa kijana mwenyewe: ukisemwa, usimjibu kila mtu. Chagua mtu mzima mmoja unayemwamini, yaya, shangazi, mwalimu, mama wa mchungaji, umweleze yote mapema, kabla habari haijamfikia kwa mlango mwingine. Anayekuandikia matusi, tunza ujumbe wake, uuonyeshe kwa prefe. Usiufute kwa hasira. Anayekupenda lakini anataka mkutane gizani tu, muulize kwa nini mchana anapita kama hakujui. Na picha ya mwili wako usimtumie mtu, hata akilia.

Kwa mama na baba tunaomba jambo moja. Jirani akileta habari ya mtoto wenu, mshukuruni, mfunge mlango, kisha muulizeni mtoto kwanza yeye anasemaje, na mmsikilize mpaka amalize kabla fimbo haijatajwa.