Karani na Ashuke Barazani
Mwaka 2006 Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Bara ikafuata mwaka 2010, ikamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi ahakikishe kuwa 3 katika kila 100 ni wenye ulemavu. Hayo ni mema. Lakini twauliza: mwenye haki hiyo ataandikwa wapi? Nyumba za Mji Mkongwe, pamoja na sifa zake zote, zina ngazi za kumchosha hata mwenye miguu yote miwili. Afisi ikiwa ghorofani, asiyeweza kupanda amekwisha kunyimwa kazi kabla hajaulizwa ajua nini. Karani na ashuke barazani na daftari lake, aulize kwanza kazi aiwezayo mtu, cheti cha daktari kifuate.